Hesabu za Mafumbo: Tufundishe Kusoma Kabla ya Kukokotoa

Mtu anayesafiri kwa barabara kuu kutoka Morogoro kwenda Dodoma hufika Dakawa baada ya kilomita zipatazo 40. Hapo huliona bonde la mto Wami na mashamba ya mpunga yaliyolifanya jina la Dakawa lijulikane mbali. Shamba kubwa la umwagiliaji la mahali hapo, lenye hekta zipatazo 2,000, lilianzishwa na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) katika miaka ya 1980, na baadaye likaingia mikononi mwa wakulima wadogo na ushirika wao. Maji husukumwa kwa pampu kutoka mtoni. Mpunga hupandwa, hupaliliwa, huvunwa, hupimwa na huuzwa. Katika kila hatua ya kazi hiyo pana hesabu, na karibu hesabu zote hizo huja kwa maneno. Hakuna mnunuzi anayemwendea mkulima na karatasi iliyoandikwa 12 × 7. Humwendea na maneno matupu, tena maneno matamu.

Tumeanza na jambo hilo kwa sababu leo tunakusudia kuzungumzia zile hesabu ambazo walimu na wanafunzi wetu wa shule za msingi huziita hesabu za mafumbo. Ni hesabu zinazoelezwa kwa sentensi badala ya kuandikwa kwa alama. Mwanafunzi hupewa habari fupi, ndani yake mna namba mbili tatu, na mwisho pana swali. Kazi yake ni kuyageuza maneno yale yawe hesabu, kisha aikokotoe.

Kila mzazi aliyewahi kukagua daftari la mtoto wake anajua mahali ambapo shida inaanzia. Mtoto huyo huyo anayejumlisha na kutoa namba kubwa bila kosa, anayeijua meza ya kuzidisha kwa moyo, akifika kwenye mafumbo husimama. Hutazama juu, huuma kalamu, kisha huuliza swali ambalo mwalimu yeyote amekwisha kulisikia mara nyingi: "Mwalimu, hapa tunajumlisha au tunatoa?"

Swali hilo si dogo. Linaonyesha kwamba mtoto anayo nyundo na anayo misumari, lakini hajui anajenga nini. Na sisi tunasema kwamba kosa si la mtoto. Limo katika namna tunavyomfundisha kuyakabili maneno.

Katika madarasa mengi mwanafunzi hufundishwa kutafuta maneno ya kumdokezea. Huambiwa kwamba akiliona neno "jumla", ajumlishe. Akiliona "baki", atoe. Akiliona "mara", azidishe. Akiliona "kila mmoja", agawanye. Hatuwalaumu walimu kwa njia hiyo. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, na mtihani ukiwa mlangoni, hutafuta njia ya mkato, na njia hii kweli humpa mtoto majibu sahihi katika mafumbo mepesi. Lakini ni njia inayomfundisha mtoto kuokota neno moja na kuliacha fumbo lenyewe bila kulisoma. Siku fumbo litakapogeuka kidogo tu, mtoto huyo atapotea.

Natutazame mifano. Asha ana kuku 15. Kuku wa Asha wamezidi wa Musa kwa 6. Musa ana kuku wangapi? Mtoto aliyezoea kuokota maneno huona "wamezidi", akajumlisha, akapata 21. Mwingine hukumbuka kwamba kuzidi na kuzidisha ni ndugu, akazidisha, akampa Musa kuku 90. Lakini mtoto aliyeisoma habari atajiuliza kwanza: mwenye kuku wengi ni nani? Ni Asha. Basi Musa anao wachache kuliko 15. Kwa hiyo ni 15 − 6, na jibu ni kuku 9. Neno "kuzidi" lilikuwamo, lakini hesabu ilikuwa ya kutoa.

Mfano wa pili tunauchukua kwa wafugaji wa bonde la Wami. Baada ya kuuza mbuzi 7, mfugaji alibakiwa na mbuzi 18. Alikuwa na mbuzi wangapi kabla ya kuuza? Neno "alibakiwa" linamvuta mtoto atoe, naye anaandika 18 − 7, jibu 11. Angetulia akajiuliza kama jibu lake linaingia akilini, angeona upesi kwamba haiwezekani mtu awe na mbuzi 11, auze 7, kisha abaki na 18. Jibu ni 25, na njia yake ni kujumlisha.

Mfano wa tatu ni wa dukani. Mwenye duka alinunua sabuni kwa bei ya jumla, shilingi 800 kwa kila kipande, akaiuza rejareja kwa shilingi 1,000. Alipata faida kiasi gani kwa kila kipande? Mtoto aliyefundishwa kwamba "jumla" maana yake ni kujumlisha ataandika 1,800. Hapo neno moja lina maana mbili, moja ya darasani na moja ya sokoni, na mtoto hakuambiwa kamwe kwamba zinatofautiana.

Hilo linatufikisha kwenye kiini cha maneno yetu. Mara nyingi husemwa kwamba watoto wa Tanzania wana nafuu katika shule ya msingi, kwa sababu Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwisho wa miaka ya 1960. Nafuu hiyo ni ya kweli, nasi hatuibezi. Hata hivyo, Kiswahili cha kitabu cha hisabati si kile kile cha kwenye kivuli cha mwembe. Huko Dakawa neno "zao" ni mpunga. Katika hisabati zao la 6 na 3 ni 18. Nyumbani "tofauti" ni ugomvi baina ya watu au sura zisizofanana. Katika hisabati tofauti ya 20 na 8 ni 12. Mitaani "eneo" ni mahali. Katika hisabati ni ukubwa wa mahali pale uliopimwa. Mama akisema "njoo mara moja" hana maana ya kuzidisha kwa moja. Na wapo watoto ambao Kiswahili chenyewe wamekikuta shuleni, kwa kuwa nyumbani wamelelewa kwa Kiluguru, Kikaguru, Kizigua au Kimasai. Mtoto wa namna hiyo anafumbiwa mara mbili.

Kuna na vineno vidogo ambavyo hatuvitilii maanani, kumbe ndivyo vinavyoiendesha hesabu. Kusema kwamba bei ya debe ilipungua kwa shilingi 5,000 si sawa na kusema ilipungua hadi shilingi 5,000. Kama bei ya mwanzo ilikuwa shilingi 15,000, katika usemi wa kwanza bei mpya ni 10,000, na katika wa pili ni 5,000. Kadhalika, "toa 8 katika 20" huanza na 8 kwenye ulimi, lakini huanza na 20 kwenye daftari. Mtoto anayeandika namba kwa mfuatano alivyozisikia ataandika 8 − 20, kisha atashangaa mbona haitoki.

Hata saa zetu zina fumbo lake. Basi liliondoka Dodoma saa 12 asubuhi, likafika Dakawa saa 4 asubuhi. Lilitumia saa ngapi njiani? Mtoto wa kuokota maneno hutoa 4 katika 12, akapata saa 8. Lakini mtoto huyo huyo, ukimwuliza kwa mdomo, anajua vema kwamba saa 12 asubuhi ni alfajiri jua likichomoza, na kwamba baada yake huja saa 1, saa 2, saa 3, kisha saa 4. Safari ilikuwa ya saa 4. Maarifa anayo, alichokosa ni desturi ya kuyatumia anaposhika kalamu.

Tukija kwenye semi ndefu zaidi, wanafunzi wetu wengi wanaijua MAGAZIJUTO, kwamba huanza mabano, ikafuata kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa. Ni kanuni njema, na yafaa ikaririwe. Lakini MAGAZIJUTO huanza kazi baada ya alama kwisha kuandikwa. Haimwambii mtoto pa kuweka mabano. Mwambie achukue jumla ya 4 na 6, kisha aizidishe kwa 3: hiyo ni (4 + 6) × 3, na jibu ni 30. Mwambie achukue 4, ajumlishe na zao la 6 na 3: hiyo ni 4 + 6 × 3, na jibu ni 22. Namba ni zile zile, na vitendo ni vile vile. Kilichotofautisha 30 na 22 ni sentensi. Asiyeweza kuisoma sentensi, kanuni haitamwokoa.

Isidhaniwe kwamba udhaifu huu ni wetu peke yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa mji wa Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wa madarasa ya chini swali lisilo na jibu. Walisema kwamba katika meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, wakauliza nahodha ana umri gani. Kati ya watoto 97, watoto 76 walimkokotolea nahodha umri wake kwa kutumia idadi ya wanyama wale. Huko Marekani, katika mtihani wa taifa wa mwaka 1983, wanafunzi wa umri wa miaka 13 waliulizwa yahitajika mabasi mangapi kuwachukua askari 1,128 ikiwa kila basi huchukua 36. Karibu asilimia 70 waligawanya sawasawa, wakapata 31 na baki 12. Lakini wanafunzi walioandika kwamba yanahitajika mabasi 32 hawakufika robo ya wote. Wengi waliobaki waliwaacha askari 12 barabarani, au waliandika mabasi 31 na baki 12, kana kwamba kuna basi liitwalo baki.

Habari hizo zinatufundisha kwamba shule yoyote, ya nchi tajiri au maskini, yaweza kumzoesha mtoto kuacha akili yake mlangoni aingiapo katika kipindi cha hisabati. Maana yake pia ni kwamba dawa yake si fedha peke yake. Dawa yake ni mazoea mapya.

Je, mazoea hayo ni yapi? Mwaka 1945 mtaalamu wa hisabati aitwaye George Pólya, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Marekani, alitoa kitabu kidogo ambacho kimesomwa ulimwenguni kote. Shauri lake lina hatua nne: lielewe swali, panga njia, ifuate njia uliyoipanga, kisha geuka nyuma ulitazame jibu. Sisi tunaona kwamba hatua hizo zinaweza kufuatwa katika darasa lolote la Mkoa wa Morogoro, hata lisilo na kitu zaidi ya ubao na chaki.

Kwanza, mtoto asome fumbo mara mbili, kisha afunike kitabu na kulisimulia kwa maneno yake mwenyewe, bila kutaja namba. Nani yumo katika habari hii? Ana nini? Kimetokea nini? Wanataka tujue nini? Mtoto asiyeweza kuisimulia habari hajawa tayari kuikokotoa, na hapo ndipo mwalimu atamgundua mapema. Kama tatizo ni neno asilolijua, basi litajulikana neno gani.

Pili, habari ile ionekane kwa macho. Kokoto, vijiti, punje za mahindi na vizibo vya chupa havina bei. Watoto watatu waweza kusimama mbele ya darasa, mmoja akawa Asha, mwingine Musa, wa tatu akahesabu kuku. Wakubwa zaidi wachore mistari miwili, mrefu wa Asha na mfupi wa Musa, na kipande kilichozidi kiandikwe 6. Mchoro huo mmoja unamaliza ubishi wa kujumlisha au kutoa.

Tatu, kabla ya kukokotoa, mtoto aandike sentensi ya hisabati, yaani habari ile kwa namba na alama, na mahali pasipojulikana aweke kisanduku kitupu. Kwa fumbo la mfugaji ataandika kisanduku, kutoa 7, ni sawa na 18. Sentensi hiyo inafuata habari kama ilivyotokea: alikuwa nao, akauza, akabaki. Akishaiandika hivyo, kupata 25 ni kazi ndogo. Nasi tunawaomba walimu waitolee alama sentensi hiyo, hata pale mtoto anapokosea katika kukokotoa. Anayepata alama kwa jibu la mwisho peke yake atajifunza kubahatisha jibu la mwisho.

Nne, jibu liandikwe kwa maneno, na lisomwe pamoja na swali. Mtoto asiandike 9 akanyamaza. Aandike: Musa ana kuku 9. Kisha ajiulize: je, ni kweli Asha amemzidi kwa 6? Anayefanya hivyo hatawaacha askari barabarani.

Tunaongeza na la tano, ambalo halitoki ng'ambo bali limo katika malezi yetu. Mtoto wa Kiswahili anakujua kutega kitendawili. Anajua kwamba mchezo hauna raha iwapo mmoja hutega siku zote na mwingine hutegua siku zote. Ni lazima wabadilishane, na anayeshindwa hutoa mji. Basi kwa nini katika hisabati tunamfanya mtoto awe mteguaji tu? Mwalimu aandike ubaoni 24 ÷ 6, aliambie darasa litunge mafumbo ya hesabu hiyo. Mmoja atagawa maembe 24 kwa watoto 6. Mwingine atafunga vitunguu 24 katika mafungu ya vitunguu sita sita. Wa tatu atakosea, na kosa lake litafundisha darasa zima kuliko mahubiri. Mtoto aliyewahi kulifumba fumbo kwa mkono wake hatishwi tena na la mwenzake. Wahenga hawakukosea waliposema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua; lakini werevu huo hauzaliwi, hufundishwa.

Kazi hii haiwezi kuachiwa kipindi cha hisabati peke yake. Mwalimu wa Kiswahili anayewafundisha watoto ufahamu wa habari anaifanya kazi ile ile, ingawa pengine hajui. Siku moja katika juma na achukue fumbo la hesabu alifundishe kama habari ya ufahamu: nani, nini, lini, neno hili maana yake nini hapa. Vyuo vyetu vya ualimu, kama vile vya Dakawa na Ilonga, vinaweza kuwazoeza walimu wanafunzi kufundisha mafumbo kwa njia hii wanapokwenda mazoezini. Nao wathibiti ubora wa shule na maafisa elimu wa kata, wanapotembelea madarasa, wasitosheke na kuhesabu alama za vema kwenye madaftari. Wamwite mtoto mmoja wamwulize: habari hii inasema nini?

Tunajua litakalojibiwa. Itasemwa kwamba muda hautoshi, kwamba kusimulia fumbo moja kwa dakika kumi kutawafanya watoto wamalize mafumbo matatu badala ya kumi na tano. Ni kweli. Lakini mafumbo kumi na tano yaliyobahatishwa hayana thamani ya matatu yaliyoeleweka. Itasemwa vilevile kwamba mtihani humtaka mtoto awe na kasi. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu tunataka mazoea haya yaanze darasa la kwanza na la pili, mafumbo yakiwa mepesi na namba zikiwa ndogo, ili mtoto atakapofika darasa la juu awe anayafanya hayo yote upesi kama anavyosoma jina lake.

Wazazi nao wana sehemu yao, wala haihitaji elimu kubwa. Mzazi anapomtuma mtoto dukani, amwulize kabla hajaondoka: ukinunua hiki na hiki, chenji itakuwa ngapi, na umejuaje? Mama anayeuza ndizi au mboga zilizoteremshwa kutoka milima ya Uluguru anafanya hesabu za mafumbo kutwa nzima kichwani mwake. Na azifanye kwa sauti, mtoto akisikia. Mzee asiyewahi kukaa darasani lakini ameuza mpunga miaka ishirini ni mwalimu mzuri kuliko anavyojidhania.

Nchi hii ilikwisha kulijua jambo hili zamani. Mwezi wa Machi 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alisisitiza kwamba elimu ya shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, isiwe matayarisho tu ya kwenda sekondari. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria, mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO uliwafundisha watu wazima kusoma na kuhesabu kwa kutumia kazi zao wenyewe, kama kilimo cha pamba. Waliosimamia kazi hiyo waliona kwamba hesabu isiyogusa pamba ya mkulima haitamkaa kichwani. Hekima hiyo haijachakaa.

Ndiyo maana tunataka mafumbo ya watoto wa Dakawa yatokane na Dakawa. Gharama ya kusukuma maji ni shilingi 960,000 kwa ekari 48. Mwenye ekari 3 alipe kiasi gani? Hapo hakuna neno "gawa" wala neno "zidisha", lakini kuna vyote viwili: kila ekari ni shilingi 20,000, na ekari 3 ni shilingi 60,000. Au mkulima alikopa shilingi 50,000 wakati wa palizi kwa ahadi ya kulipa gunia moja wakati wa mavuno. Mavuno yalipofika, gunia lilikuwa na bei ya shilingi 90,000. Amelipa riba kiasi gani? Ni shilingi 40,000, yaani asilimia 80 ya fedha alizokopa, katika muda wa miezi michache. Yapo madeni ya namna hiyo yanayokubaliwa kila msimu na watu wanaojua kuhesabu, kwa sababu hakuna aliyewazoeza kuyageuza maneno "utanipa gunia moja tu" yawe namba.

Na tumalizie kwa lumbesa, ambayo kila mkulima wa mkoa huu anaijua. Mnunuzi anapatana na mkulima bei ya gunia la debe 6 kwa shilingi 90,000. Magunia yanapojazwa, yanashonewa kilemba juu, na kila moja linameza debe 7. Mkulima anauza magunia 12. Anapokea shilingi 1,080,000, anashukuru, anarudi nyumbani. Amepoteza kiasi gani? Debe moja katika kila gunia ni debe 12. Debe 12 ni magunia mawili kamili. Magunia mawili ni shilingi 180,000. Lumbesa imepigwa marufuku na sheria za vipimo za nchi yetu, na ni wajibu wa wenye mamlaka kuzisimamia. Lakini mlinzi wa kwanza wa mpunga ule ni mtu aliyesimama kando ya mzani akiwa na akili ya kuuliza: mbona imezidi moja?

Mtu huyo leo yumo darasa la tatu au la nne. Anaijua meza ya saba. Anaweza kuandika 12 × 7 = 84 bila kusita. Kinachomkosa ni kujua kwamba magunia yale kumi na mawili, kilemba kile na ahadi ile ya bei ni hesabu. Tunatoa mwito kwa walimu, wazazi na viongozi wa elimu wa mkoa wetu wamfundishe jambo hilo sasa, angali anauliza ajumlishe au atoe, kwa maana baada ya miaka michache atakuwa shambani, na mnunuzi hatamngojea aulize.